Mtahini wa Nje Katika Nchi ya Kifani

Jinsi nilivyofika Kifani haimfai msomaji kitu. Njia ilikuwa mbaya, chakula cha njiani kibaya zaidi, na anayependa habari za njia atazipata kwa wasafiri wanaozipenda. Mimi nilialikwa kwa kazi. Naitwa Mbelwa, nafundisha chuo kikuu somo la haki jinai linganishi na ya kimataifa, yaani nawaonyesha vijana namna mataifa mbalimbali yanavyokamata watu, yanavyowahukumu na yanavyowafunga, ili walinganishe na wachague lililo jema. Chuo Kikuu cha Kifani kiliniomba niwe mtahini wa nje wa somo hilohilo. Mtahini wa nje, kwa asiyejua, ni mtu anayeletwa kutoka mbali ahakikishe kwamba alama walizotoa wenyeji ni za haki. Kwa kawaida hupewa chai ya maziwa, husifiwa, huweka saini na kurudi kwao. Nilikwenda na moyo mweupe na suti mpya.

Nilipokewa na Profesa Makame Hamdani, mzee mfupi mwenye sauti ya upole na ndevu zilizochanwa vizuri. Alijitambulisha kuwa Mtunga Maswali Mkuu wa Jamhuri. Nilidhani ni utani wa wanachuo. Nikamwambia kwetu mtunga maswali ni mwalimu yeyote aliyekosa pa kujificha siku ya kikao, hana cheo cha jamhuri. Akanitazama kwa huruma.

"Basi kwenu anayehukumu watu ni nani?" akaniuliza.

"Mahakimu," nikasema. "Majaji."

"Bado mnao?" akasema, na akanimiminia chai.

Hapo ndipo nilipoelezwa mambo ya nchi ile. Zamani Kifani ilikuwa na mahakama kama za kwetu. Kesi ya mbuzi ilikwenda miaka tisa. Mlalamikaji anasema hili, mshtakiwa anasema lile, shahidi kahama, hakimu kahamishwa, mbuzi mwenyewe kafa kwa uzee. Wakubwa wa nchi wakakaa kitako kutafuta ugonjwa ulipo, wakagundua kwamba sheria hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye ukweli. Watu walikuwa wanabishania nini hasa kilichotokea, na ubishi huo ndio uliokula miaka. Na kumbe ng'ambo ya barabara chuo kikuu kilikuwa kikimaliza kesi nzito nzito kwa mtihani wa saa tatu, bila shahidi hata mmoja, kwa kuwa swali la mtihani wa sheria huanza na maneno "Chukulia kwamba", na mwanafunzi mwenye akili timamu habishani na swali.

"Mahakama tukazifunga," alisema Profesa. "Hakimu wa mwisho yupo, analima nanasi huko shamba. Mtu mwema sana. Tatizo lake alikuwa anauliza uliza."

Tangu siku hizo, mtu akishukiwa kosa huko Kifani hapelekwi mahakamani. Hutungiwa swali. Swali hupewa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, nao hujibu kwa kulinganisha sheria za nchi nyingine, maana sheria zao wenyewe Wakifani walizitupa zamani. Kuwa na sheria yako mwenyewe huko ni ushamba, kama kuvaa kofia uliyojishonea. Jibu linalopata alama za juu kuliko mengine yote ndilo hukumu. Mtahini wa nje akishaweka saini, hakuna rufaa.

Nakubali kwamba mwanzoni mpango huu ulinipendeza. Nimefundisha miaka mingi, na hakuna mwalimu ambaye hajawahi kuota siku moja majibu ya wanafunzi wake yafanye kazi duniani. Nilimsifu Profesa, naye akanisifu, tukamaliza birika.

Kesho yake alinipeleka darasani. Ukumbi ulikuwa mkubwa, safi, na mbele kabisa, chini ya ubao, paliwekwa kigoda. Juu ya kigoda alikaa mama wa makamo, kajitanda kanga ya rangi ya kahawia, mikono yake mikavu imepasuka pasuka kama ya mtu anayeshika udongo kila siku. Huyo ndiye Bi Sikudhani, mfinyanzi wa vyungu na mitungi. Wao hawakumwita mshtakiwa, neno hilo waliliona halina adabu. Walimwita mhusika. Mhusika hukaa mbele ya darasa muhula mzima, ili wanafunzi wasisahau kwamba somo lao lina uhai.

Profesa akasoma swali. Nilinakili, kwa hiyo nalitoa lilivyo: "Chukulia kwamba Bi Sikudhani, mfinyanzi, kwa chuki aliyokuwa nayo dhidi ya ushirika wa wakulima, alichoma ghala la mtama la ushirika huo mchana wa upepo mkali, mlinzi akiwa amelala, kwa kusaidiana na Bwana Karama aliyekuwa ng'ambo ya mpaka. Ukirejea nchi zisizopungua tatu, jadili adhabu inayomfaa."

Mjadala ulikuwa mzuri, lazima niseme. Kijana mmoja, Jabiri, mrefu, mwenye miwani na maneno yaliyopangika, alieleza kwamba katika nchi fulani za baridi mchomaji hupelekwa kwa daktari wa akili, katika nchi fulani za jangwa hupelekwa kwa mnyongaji, na kwamba mtu mstaarabu husimama katikati. Akaitaja na nchi yangu. "Kwa Dakta Mbelwa," akasema, "mtu hakai rumande muda mrefu kabla ya kuhukumiwa, jambo linalotufundisha mengi." Wote wakanigeukia kwa heshima. Kwetu nimewahi kuzuru mahabusu ambako watu wameota mvi wakisubiri upelelezi ukamilike. Nilikohoa kidogo, nikaacha sifa ipite.

Wakati huo Bi Sikudhani alinyoosha mkono. Jabiri akanyamaza. Profesa akamgeukia, bila ukali wowote.

"Bi Sikudhani, tumekwisha kulisema hili," akasema. "Swali haliulizi."

Darasa likacheka, kicheko cha upole cha watu waliokwisha kuizoea kasoro hiyo. Mama yule akashusha mkono, akaulaza juu ya goti. Nyuma kabisa msichana mmoja hakucheka, naye alikuwa ameegemeza kidevu kwenye ngumi akimwangalia yule mama badala ya kumwangalia Jabiri.

Tulipotoka nilimwuliza Profesa huyo Bwana Karama wa ng'ambo alikamatwaje.

"Hajakamatwa," akasema. "Hayupo."

"Amekimbia?"

"Hayupo kabisa, Dakta. Nilimtia mimi." Akaniona nimeduwaa, akanishika kiwiko kama mkwe anavyoshikwa. "Wewe ni mwalimu mwenzangu, utanielewa. Wiki ya tisa tunafundisha namna nchi zinavyorudishiana watuhumiwa. Ghala limeungua hapa hapa, mama ni wa hapa hapa, upande wa kimataifa nautoa wapi? Nusu ya mtaala ingebaki bila kuulizwa. Kwa hiyo nikaweka mshirika ng'ambo ya mpaka. Na yule mlinzi aliyelala ni wangu pia, kwa ajili ya wiki ya uzembe. Upepo, nadhani, ulikuwepo."

Nikamwuliza kama nchi jirani imepelekewa habari kwamba huyo mtu ni wa kubuni.

"Tumewapelekea maombi rasmi ya kumrudisha, kama mkataba unavyotaka. Wanafunzi waliyaandika wenyewe, vizuri mno. Majirani zetu ni waungwana. Wamekwisha kutuletea akina Karama wawili, na wanasema wa tatu yu njiani."

Nilimwuliza swali ambalo kwetu hata konstebo wa zamu angeliuliza. "Profesa, huyu mama alilichoma ghala au hakulichoma?"

Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyeulizwa bei ya samaki katika duka la vitambaa. "Hilo," akasema, "ni la Idara ya Historia."

Nilikwenda Idara ya Historia. Mkuu wa idara hiyo alikuwa na chumba chenye vumbi la heshima, akanisikiliza hadi mwisho, akaniambia swali langu ni la maana sana na kwamba wao hawashughulikii jambo lolote ambalo halijatimiza miaka hamsini. Kabla ya hapo, alisema, ni umbeya. Alinikaribisha nirudi wakati wake ukifika.

Basi nikaketi na karatasi za majibu. Zilikuwa zimekwisha kusahihishwa na walimu wa ndani, kazi yangu ilikuwa kupitia na kuthibitisha. Jibu la Jabiri lilikuwa juu kabisa, alama themanini na moja. Nilisoma mara mbili nikitafuta kosa, sikulipata. Alikuwa amelinganisha nchi tano, amepima huku na huku, amejali utu, na mwisho, kwa lugha safi ambayo ningependa wanafunzi wangu waandike, akamtia Bi Sikudhani miaka kumi na miwili katika machimbo ya chokaa. Nikiweka saini pale chini, kesho kutwa mama yule anaondoka kwenda kuvunja mawe. Machimbo yale nilikuwa nimeyaona kwa mbali siku niliyoingia. Watu wake ni weupe kwa vumbi mpaka kope.

Jibu la mwisho katika rundo halikufika nusu ukurasa. Lilikuwa na sifuri, na kando yake wino mwekundu ulisema: "Usibishane na swali." Mwandishi alikuwa Chausiku, na aliandika hivi: "Nimemwuliza mhusika. Siku ghala lilipoungua alikuwa matangani kwa dada yake, kijiji cha pili. Waliokaa naye msibani wako hai na hawajaulizwa. Nchi ninazozifahamu zinatofautiana katika mengi, lakini sikuona hata moja inayosema afungwe asiyetenda. Kwa hiyo sina adhabu ya kujadili."

Nilimwita. Alikuja yule msichana wa nyuma, aliyeegemeza kidevu kwenye ngumi, akabaki mlangoni. Nikamwambia aingie, nikamwuliza alipataje ujasiri wa kuzungumza na swali.

"Sikupanga, Dakta," akasema. "Nilikuwa napita pale wanapomweka. Nikamwamkia tu, shikamoo mama, maana ni mtu mzima. Akaniitikia marahaba, akaniuliza nyumbani hawajambo. Sasa mtu akishakuitikia, utamchukulia nini tena?"

"Unajua umepata sifuri?"

"Najua. Mwaka naurudia." Akatazama chini. "Ila yeye ndiye anayekwenda chokaa. Mimi nitarudia somo, basi."

Nilipandwa na hasira ambayo sijui niliigawa vipi. Nyingine ilikuwa ya Profesa, nyingine ya Jabiri na lugha yake safi, na nyingine, kubwa kuliko nilivyotaka, ilikuwa ya nafsi yangu, kwa sababu nilijua kama ingekuwa karatasi ya kwetu, siku ya kawaida, na mimi nina rundo na kichwa kinauma, ningempa alama hizohizo na kwa wino huohuo. Nikachukua kalamu. Sifuri nikaikata, nikaandika themanini na moja.

Kwa kanuni za Kifani, majibu mawili yakilingana juu kabisa, jambo huenda Seneti. Walikutana siku iliyofuata katika ukumbi wenye viti virefu, wajumbe wamevaa majoho ya rangi za nchi mbalimbali walizosomea, na Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye busara ya kutosema mengi, akanitaka nieleze.

Nilieleza kwamba mtahiniwa Chausiku amefanya ulinganishi kama somo linavyotaka. Amelinganisha swali na ukweli, akakuta havifanani.

Kisha mjumbe mmoja, mtaalamu wa mikataba, akasimama.

"Namshukuru mgeni wetu," akasema. "Ila ningependa kujua, huo Ukweli ni mfumo wa sheria wa nchi gani?"

"Si wa nchi yoyote," nikasema.

"Una mahakama?"

"Hapana."

"Umeweka saini mkataba wowote na jamhuri yetu?"

Nikasema, kwa kadiri ninavyojua, haujaweka.

"Basi hatuna uhusiano nao," akasema, na akakaa.

Lakini Seneti ile haikuwa ya wajinga, na mjadala uliofuata ulichukua asubuhi yote. Mmoja aliona kuukataa Ukweli moja kwa moja kungeleta picha mbaya nje. Mwingine alionya kwamba ukitambuliwa leo, kesho Uvumi nao utaomba, na Uvumi una wafuasi wengi zaidi. Wa tatu alipendekeza iundwe tume iende kuutembelea, ijifunze, irudi na mapendekezo; pendekezo hilo lilipata shangwe, na majina ya wajumbe wa tume yakaanza kutajwa kabla hatujajua inakwenda wapi. Profesa Makame alizungumza mwisho, na nasema kweli alizungumza kwa uchungu.

"Mnadhani mimi sina huruma?" aliuliza. "Nimekuwa nikimwona mama yule mbele yangu muhula mzima. Ananisalimia. Lakini tukiruhusu kila mwanafunzi aende kumwuliza mhusika alifanya au hakufanya, tumerudi kwenye mbuzi wa miaka tisa. Leo mna swali lenye mwanzo na mwisho. Kesho mtakuwa na mashahidi. Watakuja wakiwa wamechelewa, watasahau, watalia, watasema uongo. Sisi wazee tunayakumbuka hayo. Nyinyi vijana mnayasoma tu."

Wengi walitikisa vichwa kwa kukubali. Hata mimi, kwa dakika, niliona anachokiona, maana kwetu mashahidi ni hivyohivyo, na mbuzi ni huyohuyo. Nilichoweza kujibu ni kwamba wale waliokaa matangani wako kijiji cha pili, mwendo wa asubuhi moja, na mtu anaweza kwenda kuwauliza na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mwenyekiti akaniuliza kama kuna ushahidi kwamba njia hiyo imefanikiwa katika nchi zisizopungua tatu. Nikataja nne. Akaandika.

Uamuzi ulisomwa mchana. Seneti iliutambua Ukweli kwa muda, kama mwangalizi asiye na kura. Ilikubali, kwa kauli moja, kwamba kutokana na taarifa za mwangalizi huyo Bi Sikudhani hakuchoma ghala. Ikathibitisha alama zangu, na hivyo Chausiku akawa amefaulu. Na kwa kuwa majibu mawili yamelingana, na yote mawili ni bora, na haki haimpendelei mtu, hukumu itakuwa wastani wa majibu hayo. Jabiri alitoa miaka kumi na miwili. Chausiku hakutoa kitu. Bi Sikudhani atakwenda machimboni miaka sita.

Watu walisimama kunipa mkono. Walinipa kwa dhati, macho mengine yamelowa, kwa sababu tangu chuo kianzishwe hakuna mtahini wa nje aliyewahi kumpunguzia mtu hata mwezi. "Umemwokolea miaka sita," Mwenyekiti aliniambia. "Si haba." Nilijaribu kusema kwamba mmekubali hakutenda, mnamfungaje. Sauti yangu ilimezwa na makofi, na aliyenisikia, yule wa mikataba, alinipigapiga begani akaniambia kwa upole kwamba tusitake yote kwa siku moja, haba na haba hujaza kibaba.

Wakifani wana desturi. Hukumu ikishatolewa, mhusika huletwa mbele ya wanafunzi na walimu, kigoda huondolewa, naye husimama kumshukuru mtahini wa nje. Ndiyo mara pekee anaporuhusiwa kusema. Ukumbi ulijaa. Chausiku alikuwa nyuma, mahali pake palepale, na Jabiri mbele, naye simsemi vibaya, alikuwa kajikunyata kitini na hakuinua macho. Bi Sikudhani akaletwa. Akasomewa yote, kwamba Seneti imekubali hakuchoma, na kwamba ni miaka sita. Akasikiliza huku kainamisha kichwa upande mmoja. Kisha akanigeukia.

"Ahsante, bwana," akasema. "Nimeambiwa umenisemea. Mungu akulipe."

Makofi yakaanza. Hakuondoka. Alingoja yaishe.

"Nina neno moja tu, kwa sababu mimi sikusoma," akasema. "Mwanzo nilikuwa nafungwa kwa kuchoma ghala. Sikulichoma, lakini nilielewa, ghala limeungua, na watu wana uchungu na mtama wao. Sasa mmesema wenyewe sikuchoma. Nashukuru. Basi hiyo miaka sita ni ya nini?"

Nilimtazama Profesa Makame, na kwa mara ya kwanza tangu nifike niliona uso wake umebadilika, umefunguka, kama mtu aliyeguswa penyewe. Nikapata matumaini, nasema bila kuficha. Nilidhani mzee yule sasa ameona. Alisimama polepole, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la joho.

"Miaka thelathini natunga," akasema, "na sijawahi kulifikia hilo." Akamwashiria karani. "Andika, kabla halijatupotea. Mtihani wa mwaka ujao, swali la kwanza, la lazima. Chukulia kwamba mwanamke hakutenda kosa lolote. Ukirejea nchi zisizopungua tatu, jadili adhabu inayomfaa."

Mnong'ono wa kuridhika ulipita ukumbini. Wanafunzi wa mwaka wa chini walikuwa wamekwisha kufungua madaftari. Nilisimama, nikasema kwa sauti kwamba swali hilo sitalithibitisha, na kwamba jibu lake ni neno moja, aachwe. Profesa alinisikiliza kwa makini kabisa, kisha akaniambia kirafiki kwamba kwa alama ishirini na tano mtahiniwa angetegemewa kuandika zaidi ya hapo.

Bi Sikudhani alikuwa bado amesimama. "Na huko kwenye swali hilo," akauliza, "mbele atakaa nani?"

"Wewe, Bi Sikudhani," akasema Profesa, akishangaa kidogo. "Utaletwa kutoka machimboni kila siku ya kipindi. Nani mwingine anayelijua?"

Akaitika kwa kichwa. Walinzi wawili walikuja, si wakali, mmoja akamshikia kanga isiburuze. Alipofika nilipokuwa alisimama, na walinzi wakamwachia nafasi, wakijua kwamba mhusika ana haki ya kumshukuru mtahini.

"Bwana," aliniambia, taratibu, asitake wengine wasikie, "ungeniachia tu ile kumi na miwili. Pale nilikuwa na moto wa kuwakatalia. Sasa nitakataa nini?"